Kalibu za Mbao za Kutengenezea Mizinga ya Nyuki Nyumbani: Mwongozo Kamili

Mzinga wangu wa tatu ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Niliupiga msasa mpaka ukateleza, nikaupaka rangi ya kijani kwa nje, nikautundika porini kwa majivuno ya fundi aliyejifunza jana. Nyuki wakaingia wenyewe. Miezi ikapita, nikaenda kuvuna. Kiunzi cha kwanza nilichokishika, yaani kijiti cha juu ambacho nyuki huning'iniza sega lao, kikagoma kutoka. Nilipokazana kukivuta, vikaja vinne kwa mpigo: sega lilianzia kwenye kiunzi cha tano, likapinda kama mto, likaishia kwenye cha nane. Likapasuka. Asali ikanitiririkia mpaka kwenye buti, majana, yaani watoto wa nyuki, yakadondoka, na nyuki wakanisindikiza hadi barabarani.

Nyumbani nilichukua kipimo nikapima viunzi vyote. Kimoja kilikuwa na upana wa milimita 30, kingine 34, kingine 36. Vyote nilivikata kwa futikamba na penseli, kimoja kimoja, na kila nilipochora mstari niliamini niko sawa.

Hesabu yake ni hii. Mzinga wa viunzi vya juu wenye viunzi 28, kila kimoja milimita 32, unahitaji milimita 896. Ukikosea milimita moja tu kwa kila kiunzi, kosa lote linafika milimita 28. Ni karibu kiunzi kizima. Nyuki hujenga sega lao katikati ya nafasi wanayoijua wao, hawaangalii mbao zako zinaishia wapi. Ukianza vizuri na kiunzi cha kwanza, ukifika cha kumi na tano sega limeshahamia kwenye mwanya kati ya viunzi viwili.

Dawa yake ni kuacha kupima. Pima mara moja, kwa makini sana, utengeneze kalibu. Kuanzia hapo mbao ndiyo ipimwe na kalibu. Wenye karakana za mjini huiita jigi. Ni kifaa chochote kinacholazimisha msumeno, randa au msumari kwenda mahali palepale kila mara. Hapa naeleza zile ninazotumia kwa mzinga wenye mbavu za mshazari, yaani kuta mbili ndefu zilizoinama, ule uliobuniwa Kenya miaka ya 1970, kisha moja ya fremu za mzinga wa Langstroth, ule wa sanduku ambamo masega hujengwa ndani ya fremu za mbao.

Kwanza mbao

Mimi hutumia paina kwa mizinga na mninga kwa kalibu. Paina ni nyepesi na hupasulika vizuri kwa msumeno. Mninga ni mgumu, na ugumu huo ndio tunaoutaka kwenye kalibu, maana randa itapita juu yake mara mamia. Usinunue mninga mpya kwa kazi hii. Vipande vilivyobaki kwa fundi wa milango vinatosha na vinazidi.

Mbao iwe imekauka. Paina iliyotoka kupasuliwa hunywea, na kiunzi ulichokipasua milimita 32 leo kinaweza kuwa 31 mwezi ujao. Ipange kivulini, kila safu ukiitenga na nyingine kwa vijiti ili hewa ipite, uiache wiki kadhaa. Na mbao iliyotiwa dawa ya wadudu usiiweke ndani ya mzinga hata kama muuzaji anakuapia kwamba harufu imeisha. Nyuki nao ni wadudu.

Vipimo nitakavyovifuata ni hivi: kiunzi kina urefu wa milimita 483, upana 32, unene 20. Mbavu na vibao vya mwisho, yaani kuta mbili fupi, vina unene wa milimita 20 baada ya kurandwa. Nafasi ya ndani ina urefu wa sentimita 90, kina cha sentimita 22, upana wa chini sentimita 18.

Hiyo 32 isikupite hivihivi. Michoro mingi ya intaneti inatoka Ulaya na Marekani, na huko kiunzi kina milimita 35 kwa sababu nyuki wao ni wakubwa kidogo na huachanisha masega zaidi. Nyuki wetu ni wadogo. Ukiwapa 35 watakujengea wanavyotaka wao, nawe utarudi kwenye hadithi yangu ya mzinga wa kijani.

Lango

Kabla ya kalibu yoyote, tengeneza hakimu. Chukua kipande cha plaiwudi, ukate ndani yake pengo mbili: moja ya milimita 32.5, nyingine ya 31.5. Hapa tumia kipimo cha vernia, kile chenye taya kinachosoma sehemu za milimita, hata cha plastiki kinatosha, ukate pungufu kisha umalizie kwa tupa taratibu. Kiunzi kizuri kinaingia kwenye pengo kubwa na kinakataa kuingia kwenye dogo. Kikikataa kote mbili, kirudi kwenye randa. Kikiingia kote mbili, kitafanya kazi nyingine, si ya nyuki.

Lango hili ndilo kifaa pekee nilichotumia siku nzima kukitengeneza, na sijutii. Kila kitu kingine kinakisikiliza.

Kalibu ya upana wa kiunzi

Kama una msumeno wa mashine wenye meza, kazi ni nyepesi. Weka ukingo wa ubao mnyoofu sambamba na msumeno, ukaze kwa klampu mbili, upasue kipande kimoja cha majaribio, ukipitishe langoni. Umbali kutoka kwenye ukingo upimie kwenye ncha ya jino linaloelekea ukingoni, si kwenye bamba la msumeno. Meno yamepinda huku na huku, na tofauti hiyo ndogo inatosha kukuharibia viunzi mia. Vipande vyembamba visukume kwa kijiti, wala usisimame nyuma yake moja kwa moja.

Wengi wetu lakini tuna msumeno wa mkono na randa. Kwa hao kuna kitanda cha randa.

Chukua ubao mnyoofu wa sentimita 60 uwe msingi. Tengeneza reli mbili za mninga, kila moja na urefu wa sentimita 60 na kimo cha milimita 32 kamili, uhakikishe kwa lango. Zigongomelee na kuzitia gundi juu ya msingi zikiwa sambamba, zikiachana kwa unene wa kiunzi na nusu milimita ya ziada. Upande wa mbele weka kizuizi kifupi, chini ya kimo cha reli, ili kiunzi kisikimbie unapokisukuma.

Sasa pasua viunzi vyako kwa mkono vikiwa na upana wa milimita 33 au 34, bila kujitesa. Randa upande mmoja uwe mnyoofu. Kisimamishe kiunzi katikati ya reli, upande ulionyooka ukiwa chini, uanze kuranda. Maranda yatatoka meupe, meupe, meupe, halafu ghafla utaona nyuzi za rangi ya kahawia zinachanganyika nayo: randa imeanza kugusa mninga. Acha hapo hapo. Kiunzi kimefika 32.

Kwa kuwa kila mara unaikwangua reli kidogo, nayo inapungua. Baada ya kila viunzi thelathini hivi, pitisha kimoja langoni. Kikianza kuingia kwenye pengo dogo, ng'oa reli uweke nyingine. Ndiyo maana nilisema mninga: reli za paina nilizoanza nazo hazikumaliza hata mzinga mmoja.

Urefu na mfereji

Urefu hauhitaji ukali kama wa upana, ila viunzi vilingane. Tengeneza sanduku la kukatia: ubao wa chini na mbavu mbili, mfano wa mfereji. Kata ufa mmoja wima unaovuka mbavu zote mbili, hapo ndipo msumeno utakapopita. Kutoka kwenye ufa pima milimita 483, ugongomelee kizuizi. Kiinue kizuizi milimita tano kutoka kwenye sakafu ya sanduku, kwa sababu unga wa mbao hujikusanya kwenye kona hiyo na kukufupishia viunzi kimyakimya. Nilikaa nusu siku nikijiuliza kwa nini viunzi vinazidi kuwa vifupi.

Kila kiunzi kinahitaji mstari wa katikati wa kuwaongoza nyuki. Chukua vipande viwili vya mbao ngumu, ubane katikati yao vipande vitatu vya msumeno wa chuma vilivyopangwa pamoja, meno yakichomoza milimita nne. Kipande kimoja kiteremke chini zaidi kiwe mwongozo unaotembea kwenye ubavu wa kiunzi, na meno yawe milimita 16 kutoka kwenye mwongozo huo. Buruta mara kumi au kumi na tano, mfereji umepatikana katikati kabisa. Kama una shaka, buruta tena kutoka upande wa pili. Ukiona mifereji miwili badala ya mmoja, mwongozo haujakaa sawa.

Ndani ya mfereji tia gundi, uchomeke kibanzi chembamba kichomoze milimita sita. Kikikauka, kipake nta iliyoyeyushwa. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, basi iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji. Ukiiweka juu ya moto wenyewe inaweza kuwaka, na moto wa nta hauzimwi kwa maji.

Kiolezo cha kibao cha mwisho

Hiki hukipa mzinga umbo lake, kwa hiyo kiwe cha plaiwudi nzuri na ukitunze. Chora mstari wa katikati. Chini weka sentimita 18, tisa kila upande. Panda juu sentimita 24, uweke sentimita 45.7, nusu yake kila upande. Unganisha ncha. Ukifanya hivyo ubavu utakuwa umelala kwa nyuzi 60 kutoka sakafuni bila kuhitaji kipimapembe, na mshazari huo ndio unaosaidia nyuki wasigandishe sana masega ubavuni.

Kwa nini 24, ilhali kina ni 22? Sentimita mbili za juu ni unene wa kiunzi. Vibao vya mwisho vinapanda kidogo kuliko mbavu, na viunzi vinabanwa katikati yao kama vitabu kwenye rafu.

Kikunje kiolezo kwenye mstari wa katikati, yaani kigeuze uso chini uso juu na ukilaze juu ya mchoro wake mwenyewe. Kikikubaliana na mstari pande zote, kiko sawa. Kisipokubaliana, upande mmoja umezidi, na mizinga yako yote itasimama imechoka.

Mbavu

Kila ubavu una urefu wa sentimita 94 (90 za ndani na unene wa vibao viwili) na upana wa sentimita 26.5. Ubao wa inchi 10 haufiki hapo. Mimi huunganisha mbao mbili za inchi 6 kwa gundi, kisha napunguza.

Kingo mbili za ubavu zinatakiwa zikatwe mshazari ili juu pawe bapa pa kulaza viunzi na chini pakae vizuri kwenye sakafu. Mshazari ni wa nyuzi 30, na kingo zote mbili zielekee upande mmoja, kwa hiyo ukiutazama ubavu kwa mwisho wake unaona msambamba. Kwenye mashine unainamisha msumeno basi. Kwa mkono, tengeneza kabari: kipande cha mbao ngumu chenye urefu wa randa yako, upande mmoja ukiwa umekatwa nyuzi 30, ukifunge chini ya randa kwa skrubu mbili zinazopita ubavuni mwake. Kabari inajilaza kwenye uso wa ubao na kuilazimisha randa iiname vilevile kutoka mwanzo hadi mwisho. Pembe ya kabari ipate kutoka kwenye kiolezo chako. Ubavu wa kiolezo na mstari wa katikati vinaachana kwa nyuzi 30 tayari.

Kuunganisha

Mzinga unaunganishwa kichwa chini. Kwenye meza iliyonyooka gongomelea vipande viwili vya mbao kwa kila kibao cha mwisho, kimoja mbele na kimoja nyuma, ili kibao kisimame wima chenyewe. Kati ya nyuso za ndani za vibao viwe sentimita 90. Hili pima mara mbili, maana ukishagongomelea meza yako imekuwa kalibu.

Simamisha vibao, upana mkubwa ukiwa chini. Kisha laza viunzi viwili mezani vikivuka upana wa mzinga, kimoja karibu na kila kibao. Mbavu zitakaa juu ya viunzi hivyo, hivyo zinaachwa sentimita mbili kutoka mezani, kipimo kilekile tulichokihitaji, na hukushika futikamba.

Tia gundi, egemeza mbavu, piga misumari ya inchi mbili. Usiikaze yote kwanza. Nyoosha kamba kutoka kona moja hadi kona ya pili ya mshazari, kisha nyingine. Zikilingana, mzinga umekaa mraba, malizia misumari. Zisipolingana, sukuma kona iliyo ndefu kwa kiganja, siyo kwa nyundo.

Sakafu ina urefu wa sentimita 94 na upana wa 22.6, igongomelee huku mzinga ukiwa bado kichwa chini. Matundu ya kuingilia nyuki, mimi hutoboa kumi ya milimita 10 kwenye kibao kimoja cha mwisho, karibu na sakafu. Kwa hili toboa kwanza kipande cha mninga, kisha kila mzinga ukishikize kipande hicho juu ya kibao na upitishe keekee ndani ya matundu yake. Biti haitateleza. Kifuniko ni fremu nyepesi iliyopigwa bati. Kitengeneze unavyojua, nyuki hawakiangalii.

Fremu za Langstroth

Mzinga wa Langstroth unadai zaidi, maana fremu ina vipande vinne na lazima ining'inie bila kugusa ukuta. Siri yake ni nafasi ya nyuki, ile aliyoitumia Lorenzo Langstroth kwenye mzinga aliopatia hataza Marekani mwaka 1852: pengo la milimita 6 hadi 9. Likiwa dogo zaidi wanaliziba kwa gundi yao, likiwa kubwa wanajenga sega. Sanduku lina urefu wa ndani wa milimita 465 na fremu ina 448. Kila upande inabaki milimita 8.5. Fremu yako ikienda upogo kidogo tu, pengo hilo linaisha.

Kalibu yake ni boksi lisilo na mfuniko wala kitako. Kwa nje liwe na urefu wa milimita 429 na upana wa 350, kimo sentimita 15. Vijiti vya ubavuni vya fremu, vyenye urefu wa milimita 232, unene wa 9.5 na upana wa 35 kule juu, vinasimama kwa nje kwenye kuta fupi: kumi huku, kumi kule, vimegusana. Vibane kwa ubao mwembamba kila upande, kisha uzungushe mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Mpira unabana kila kijiti kwa nguvu ileile hata kama kimoja kimezidi unene kidogo, jambo ambalo klampu haliwezi.

Tia gundi juu, laza vijiti vya juu kumi, vyenye urefu wa milimita 483, piga misumari. Geuza boksi zima. Tia gundi, weka vya chini vyenye milimita 448, piga misumari. Fungua mpira, inua boksi: fremu kumi, sanduku zima, zimelingana kama ndugu. Kabla ya kuanza paka kuta za kalibu nta, la sivyo gundi inayochuruzika itakugandishia fremu kwenye boksi. Hili nalo nimelipata kwa njia ngumu.

Jaribio kabla ya porini

Ukishakuwa na mizinga miwili, changanya viunzi vyao vyote mezani kama karata. Vipange tena bila kuchagua. Vyote 28 viingie kila mzinga, pabaki mwanya wa milimita nne hivi ambao utausukumia mwisho, na hakuna kiunzi kinachoyumba. Ukilazimika kuchagua kiunzi gani kikae wapi, ipo kalibu iliyosogea, na lango litakuambia ni ipi. Ukienda kuvuna utahamisha viunzi kati ya mizinga, na hapo ndipo utakapoona faida ya viunzi visivyochagua mzinga.

Mzinga uliopita jaribio utundike kwa waya, juu kiasi cha nyegere kutoufikia, na waya upake grisi kuzuia sisimizi.

Kalibu zangu nimezining'iniza ukutani, mbali na jua na sakafu yenye unyevu, kila moja nimeiandikia kwa kalamu ya wino kipimo chake na tarehe niliyoitengeneza. Jirani akija kuazima, namwazima zote. Lango halitoki karakana: nampa kipande cha plaiwudi na tupa, akae hapa kwenye benchi akate lake.